Bango la Mapokezi

Kitambaa kilikuwa kirefu kuliko nyumba. Kilianzia chumbani, juu ya kitanda cha wazazi, kikapita mlangoni, kikakata sebule katikati, kikatokea barazani, na ncha yake ilikuwa imewekewa jiwe uani ili upepo usiichezee. Aliyetaka kwenda jikoni alipandisha nguo magotini na kuruka. Tangu asubuhi watu watatu wa nyumba ile walikuwa wanaruka, na kila aliyeruka alipigiwa kelele na wawili waliobaki.

"Mama, unakanyaga shujaa!" alipiga kelele binti yao wa mwisho. Mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia.

"Nimeruka vizuri. We jaza herufi zako, acha miguu yangu."

Mzee Brashi alikuwa amepiga magoti sebuleni, penseli sikioni, akichora kingo za herufi. Bintiye alimfuata nyuma kwa rangi nyekundu, akijaza. Mabango yote ya mtaa yalitoka mkononi mwa mzee huyo: ya duka, ya kinyozi, hata onyo la "Usikojoe Hapa" nyuma ya soko. Siku nyingine alikwenda kusimama mbele ya onyo hilo, mikono nyuma, kama mzazi anayemtazama mtoto aliyefaulu mtihani. Lakini hili la leo lilikuwa kubwa kuliko yote aliyowahi kuandika. Kamati ya mapokezi ilimpa maneno yake tayari, na alikwisha kuyapanga kwa kamba na chaki: KARIBUNI NYUMBANI MASHUJAA WETU WOTE. Kila upande bendera.

Kikosi kilikuwa kinarudi. Jumamosi, saa nane mchana, uwanja wa mpira. Redio, ile ya betri, ilikuwa imetangaza mara nyingi hata wasiokuwa na ndugu jeshini wakaanza kufagia mbele ya nyumba zao. Ile nchi ya vita ilikuwa na jina lake, na mtangazaji alilitaja kwa madaha, lakini mtaani watu walisema Kule tu. Vijana wetu walipelekwa Kule kwa miezi michache, kwenda kuwaamulia watu ugomvi wao. Miezi ikaota ndevu. Waliokwenda kuamua wakajikuta na wao wana upande, upande wenyewe ukagawanyika, na mawaziri wawili walioapa kuvimaliza vita hivyo wakamalizika wao kwanza. Sasa ghafla ikasemwa kazi imekwisha. Hakuna aliyeuliza imekwishaje. Watu walitaka watoto wao, basi.

Mtoto wa nyumba hii aliitwa Kepteni, na hakuwa kepteni wa kitu chochote jeshini. Alikuwa askari wa kawaida kabisa, wa kutumwa maji. Ukepteni aliupata utotoni kwenye mpira, siku alipofungwa mkononi kipande cha shuka la mama yake, na tangu hapo hata mama mwenyewe alilisahau jina la kwenye cheti.

"Jamani! Tokeni mwone kitanda!"

Sauti ile ilitoka barabarani, nao wakatoka mbio, wakiruka. Jirani yao, Mama Duka, alikuwa anatembea kando ya mkokoteni huku amekishika kitanda cha mbao kana kwamba kitatoroka. Kilikuwa kirefu mno. Miguu yake ya nyuma ilining'inia nje ya mkokoteni, na seremala aliyekitengeneza alikuwa anakokota huku akilalamika.

"Safari hii mwanangu analala na miguu ndani ya shuka!" alisema Mama Duka. "Nimechoka kuona nyayo zake dirishani kila asubuhi."

Mwanawe aliitwa Ngazi. Alikuwa mrefu hivi kwamba Mzee Brashi, kabla kijana huyo hajaenda jeshini, alikuwa akimwazima kuandikia mabango ya juu badala ya kukodi ngazi. Yeye na Kepteni waliandikishwa jeshini siku moja, wakapanda lori moja, na mama zao walilia kwenye kitambaa kimoja.

"Kitapita mlangoni?" aliuliza Mzee Brashi, akikipima kwa jicho.

"Kisipopita tutatoa mlango!"

"Mwenzangu, wewe umepagawa," alisema Mama Kepteni, naye alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Nipagawe mara ngapi? Wanasema subira huvuta heri. Mimi nimevuta mpaka mkono umeniuma! Na Jumamosi tuwekeane dau. Wangu nitamwona kabla basi halijasimama. Kichwa kitakuwa kinagonga dari."

"Wako utamwona, wangu utamsikia. Akicheka yule, uwanja mzima utajua."

Kitanda hakikupita mlangoni. Seremala alianza kugonga bawaba ili autoe mlango, na ile nyundo ikawa inasikika nyumba zote mbili, ko, ko, ko, huku watu wa bango wakirudi kwenye kazi yao kwa furaha.

Ndipo akaja Katibu wa kamati ya mapokezi. Alikuwa amevaa suti nyeusi kwenye jua lile, na viatu vilivyong'aa hivi kwamba aliogopa kuruka kitambaa. Akasimama barazani, akasoma kuanzia nje kwenda ndani, midomo ikichezacheza.

"Kazi nzuri, mzee. Nzuri sana. Hilo neno la mwisho tu, ulitoe."

"Lipi?"

"Hilo. Wote."

Redio aliacha brashi hewani. Tone jekundu lilidondoka sakafuni na hakuna aliyemgombeza.

"Si ninyi mlioniletea maneno?" aliuliza Mzee Brashi.

"Maelekezo yamebadilika."

"Yamebadilika kwa nini?" aliuliza Mama Kepteni kutoka mlango wa jikoni.

"Mambo ya mpangilio tu, mama. Maneno yamekuwa mengi."

"Ni matano."

"Basi yawe manne."

Mama Kepteni aliruka kitambaa, safari hii bila kupandisha nguo, akasimama mbele ya ile suti. "Baba, hawarudi wote?"

Katibu alitazama viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa kusema jambo dogo na kukatazwa kubwa. "Mama yangu, mimi nashughulikia viti, vinywaji na mabango. Kesho jioni vijana watakuja kulichukua. Hela iliyobaki mzee atapata likishatundikwa."

Alipokwenda zake, nyundo ya upande wa pili ikasikika peke yake. Mama Kepteni aliisikiliza. Wazo lilimjia bila kubisha hodi: kama yupo asiyerudi, asiwe wangu. Awe wa yeyote, asiwe wangu. Papo hapo akasikia Mama Duka anacheka huko ng'ambo ya ukuta, na akaona haya mpaka masikio yakamwaka.

*

Asubuhi yake alivaa gauni lake zuri, akaenda kambini.

Askari wa getini alikuwa kijana, mkanda umembana, sauti ya kujifunzia. "Nikusaidie nini, mama?"

"Mimi ni mama yake Kepteni. Nimekuja kumwulizia mwanangu, anarudi kesho kutoka Kule."

Hakuwa na nia ya kudanganya. Hivyo ndivyo alivyojitambulisha kanisani, sokoni, kila mahali, miaka yote. Lakini askari aligonga visigino, akamfungulia geti, akamletea kiti chenye mto, akakiweka kivulini. Mwenzake alikimbia akarudi na soda baridi imetoka jasho. Mama Kepteni alishangaa, akafurahi. Alijisemea moyoni kwamba kumbe jeshi limebadilika, kumbe wanajua uchungu wa mzazi. Alikunywa soda kwa adabu, kidogo kidogo, akainua macho, na ndipo alipoona nje ya seng'enge wanawake wengine, kundi zima, wamesimama juani na mikoba yao kichwani, wanamtazama.

Afisa alitoka ofisini anafunga vifungo. "Shikamoo, mama. Ni mama yake kepteni yupi? Wa mizinga?"

"Sijui mizinga, baba. Alipopiga simu mara ya mwisho alisema anachimba mahandaki, na zamu yake ikifika anapika maharage."

"Kepteni anachimba mahandaki?"

"Na analalamika mgongo."

Yule afisa alimtazama, akamtazama askari wa geti, na askari wa geti akatazama mbele kama sanamu. Haikuchukua muda. Afisa aliuliza jina la kwenye cheti, mama akalitafuta kichwani, akalitaja kwa kigugumizi, na wote wakaelewa kwamba kiti kile kilikuwa cha mtu mwingine.

"Naomba usimame, mama," alisema askari kwa sauti ya chini.

Akachukua kiti. Soda ilikuwa imebaki nusu. Kijana alisita, akatazama chupa, akamtazama mkubwa wake, kisha akaichukua na nusu yake. Mama Kepteni alirekebisha gauni, kwa maana hakujua mikono aifanyie nini.

"Taarifa zote zitatolewa uwanjani," alisema afisa.

"Nauliza moja tu. Wanarudi wote?"

Afisa alifunga kifungo cha mwisho cha shati. Umri wake ulikuwa wa kutosha kuwa na mtoto Kule. "Njooni na furaha, mama," alisema, kisha akageuka.

Mama Kepteni alitoka getini akajiunga na wale wengine juani. Mwanamke mmoja alimsogezea nafasi na kumnong'oneza, "Wamekuambia nini huko ndani, mwenzetu?"

"Wamenipa soda," alijibu Mama Kepteni. "Wakaichukua."

Wakacheka, wote, kicheko kikubwa cha watu wenye hofu, mpaka askari wa geti akawaomba wasogee mbali.

*

"Usilifute," alimwambia mumewe aliporudi.

Mzee Brashi alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbele ya lile neno. Lilikuwa limependeza. W yake ilisimama kwa miguu imara, na kwenye O alikuwa amepitisha mkono mara moja bila kurudia.

"Nisipolifuta mimi, watampa mwingine."

"Basi wampe mwingine."

"Na atalifuta vibaya." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Mke wangu, bango likining'inia na neno lile nitaulizwa mimi. Wakinifungia kazi za serikali tutakula brashi?"

"Baba," alisema Redio, na kwa mara ya kwanza wiki ile alisema taratibu. "Na kama ni yeye?"

"Kama ni yeye, neno ndilo litakalomrudisha?" Aliinuka, akatupa kitambaa cha kufutia ukutani. Alikuwa analia na hakutaka kuulizwa. "Nikorogee nyeupe. Nzito. Nyekundu ni mbishi, itatokeza. Nitapiga mara mbili."

Kukoroga ilikuwa kazi ya mkewe tangu walipooana, maana harufu ya petroli ya kuyeyushia rangi ilimkaba mzee kifua. Mama Kepteni alichukua kopo la rangi nyeupe ya mafuta, akatoka nalo uani. Alilishika muda. Kisha akalificha nyuma ya pipa la maji, akachukua kopo tupu, akaenda dukani kwa jirani.

"Chokaa?" Mama Duka alishangaa. "Unapaka nyumba leo leo?"

"Kibaraza tu. Kimechakaa."

"Angalia alivyo mjanja! Anataka wageni waone kibaraza chake, changu kionekane pango. Haya, chukua. Utalipa watoto wakija. Kwanza njoo huku."

Alimvuta mkono mpaka chumbani. Mlango ulikuwa bado umeegemezwa ukutani, bawaba zimeng'oka. Kitanda kilikuwa kimejaza chumba, ukuta hadi ukuta, kimetandikwa mashuka yenye mikunjo ya dukani, na ili kufika dirishani ilibidi mtu apande juu yake. Mama Duka alivua ndala, akajilaza, akajinyoosha kama maiti, vidole vya miguu vikatafuta mwisho na kuukosa.

"Ona! Hata nikijivuta nafika kiunoni kwake. Njoo ulale na wewe, tupime."

Mama Kepteni alijilaza kando yake. Walitazama dari, wakacheka kama wasichana. Sasa hivi nitamwambia, aliwaza. Nitamwambia kuhusu neno. Alifungua mdomo, na Mama Duka akasema, "Unajua nimeota anagonga kichwa mlangoni kama kawaida yake, ananitukania nyumba?" Basi akaufunga.

Nyumbani alikoroga chokaa kwa maji, akaongeza unga kidogo ishike, akampelekea mumewe bila kusema neno.

Mzee Brashi alichovya. Mpako wa kwanza tu, mkono wake ulijua. Rangi ya mafuta huvuta brashi, humfanya mtu asukume. Hii iliteleza bure na kuacha unyevu. Chokaa juu ya kitambaa. Chokaa ni ya ukuta, ukuta haukunjwi. Kwenye kitambaa ikikauka inakaa kama vumbi lililoambiwa lingoje, na mtu akikikunja inapasuka, upepo ukikipiga inadondoka. Mwanafunzi wa wiki moja anajua hilo. Aliinua macho akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama dirishani, mikono kiunoni.

"Imekolea?" aliuliza Mama Kepteni bila kugeuka.

Mzee alipitisha brashi juu ya W.

"Imekolea," alisema.

Alipiga mara mbili, kama alivyoahidi. Jioni vijana wa kamati walipokuja, neno halikuonekana kabisa, na maneno yaliyobaki yalikuwa yameegemea upande mmoja kama mlevi. Walianza kulikunja. "Polepole!" alisema mzee kwa mazoea ya kazi. Kisha akakumbuka, akanyamaza, akawaacha walikunje watakavyo.

*

Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Bendi ilipiga, watoto walicheza kabla hawajaambiwa, na wauza barafu waliuza hata vipande vilivyoyeyuka. Wakubwa walipangwa jukwaani kwenye viti vya kitambaa, suti juu ya suti, na juu ya vichwa vyao, kati ya nguzo mbili ndefu, likatundikwa bango. KARIBUNI NYUMBANI MASHUJAA WETU. Watu walilisoma kwa sauti, wakapiga makofi. Mzee Brashi alisimama na familia yake chini, karibu na kamba ya kuzuia watu, na hakulitazama.

"Mbona limekaa upande?" aliuliza Mama Duka. Alikuwa amevaa kilemba kipya na amesimama juu ya tofali. "Brashi, macho yamezeeka?"

"Yamezeeka," alikubali.

Upepo ukaja. Haukuwa mkubwa, wa kawaida wa mchana, wa kutikisa nguo kambani. Bango lilijaa hewa, likalegea, likapiga pap! Vumbi jeupe likashuka taratibu juu ya jukwaa.

Mwanzoni hakuna aliyejali. Mheshimiwa mmoja alijipangusa bega. Bango likapiga tena, pap, na mwenzake akapiga chafya. Katibu, aliyekaa mwisho wa mstari moja kwa moja chini ya pale palipofutwa, alianza kugeuka mweupe kuanzia nywele. Alijipangusa, akajipaka zaidi. Sasa watu wa mbele walikuwa wanacheka, na kicheko kikawa kinapanda ngazi za uwanja, mpaka kikakoma chenyewe, kwa sababu juu ya kichwa cha Katibu mguu mwekundu wa W ulikuwa umetokea.

"Mama," alisema Redio akimkaba mama yake mkono. "Mama, linatoka! Linatoka!"

Upepo ulipiga. Ikatoka O, nusu, kisha nzima. Watu walianza kulisoma kadiri linavyokuja, kwanza wachache, halafu upande mzima wa jua. "Wo... Wo..." Chokaa ilidondoka kwa magamba makubwa sasa. T. Na E ilipoanguliwa uwanja ulipiga kelele kwa pamoja, kama goli limefungwa.

"WOTE!"

"Nani kalifuta?" alipaza sauti mwanamke mmoja kutoka nyuma. "Lilifutwa kwa nini?"

"Ngazi!" Katibu alikuwa amesimama juu ya kiti, anapunga mikono myeupe. "Ngazi! Leteni ngazi upesi!"

"Anakuja!" Mama Duka alimjibu kutoka juu ya tofali. "Yuko kwenye basi, ana haraka gani naye!" Walio karibu waliangua kicheko, na hata Mama Kepteni alicheka.

Swali la yule mwanamke lilikuwa linaanza kupita mdomo kwa mdomo pale mabasi yalipopiga honi. Basi la kwanza, la pili, mengine nyuma yake. Kila kitu kikasahaulika. Kamba ilikatika, bendi ilizama kwenye kelele, askari wa kuzuia watu walizuia hewa. Vijana walishuka weusi kwa jua, wamekonda shingo, na kila aliyekanyaga ardhi alipotelea mikononi mwa watu. Vigelegele vilitoka huku na kule. Baba mmoja alimbeba mwanawe mgongoni, ndevu zote zile.

Mama Kepteni alikimbia basi hadi basi. Alitazama nyuso, akashika mikono isiyo yake, akaomba radhi, akashika mingine. Basi la kwanza likaisha. La pili. Miguu ilikuwa inakimbia na akili imesimama. Alifika la mwisho akishika ubavu, na mlangoni hakukuwa na uso, kulikuwa na mgongo. Kijana alikuwa anashuka kinyumenyume, anavuta mizigo.

Ule mgongo angeujua hata gizani.

Hakumwita. Alimrukia vile vile kwa nyuma, akampiga ngumi, akambusu kisogo, akapiga kigelegele masikioni mwake mpaka kijana akainama. "Mama! Mama, utaniua mimi, na risasi zimenishindwa!" Na akacheka, kile kicheko chake cha uwanja mzima, lakini kilikatika katikati. Mzee Brashi alifika, akamshika mwanawe sikio, akaligeuza kama anayekagua herufi. Redio alikosa la kusema, na hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

"Weka chini mizigo yako, nikuone!" alisema mama.

"Siwezi."

"Huwezi vipi? Mabegi mangapi hayo, mlikuwa mnafanya biashara?"

"Moja ndilo langu, mama. Haya mengine yana wenyewe." Macho yake yalipita juu ya mabega ya mama, kule kwenye bango. Alijua mkono wa baba yake. Aliangalia neno la mwisho. "Walisema yataletwa na ofisi. Tukakataa. Tulikwenda tumebebana, tukasema tutarudi tumebebana."

Ndipo mama alipotazama. Kati ya wale waliokumbatiwa, kati ya vigelegele na maua, huyu alikuwa na mabegi mawili, yule matatu, na hawakuyaweka chini. Mmoja baada ya mwingine watu waliokuwa wanarukaruka walianza kuyaona.

Miguuni mwa Kepteni palikuwa na begi moja ambalo ukanda wake uliongezwa kwa kipande cha kamba, kwa kuwa ukanda wa jeshi haukumtosha mwenyewe. Lingemfika mtu wa kawaida magotini. Mama Kepteni aliitazama ile kamba, na fundo lake, na hakuuliza.

"Nilimwahidi," alisema Kepteni. "Niache nimpelekee mama yake. Ni jukumu langu hili."

"Nipe."

"Mama, ni zito."

"Nimekwambia nipe!" Sauti ilimtoka kwa ukali asioukusudia. Alikuwa ameomba asiwe wake, na hakuwa wake, na sasa ombi lile lilikuwa limemsimamia mbele lina kamba. "Sisi wawili ndio tunaojuana. Nipe mimi."

Alilivaa begani. Akageuka kuwaelekea watu, akatembea, begi likimgonga magoti kila hatua. Wanawake waliosimama naye getini jana, waliocheka naye habari ya soda, walikuwa mbele yake, wale ambao watoto wao walikuwa hawajashuka. Walimwona. Walimwona na begi lisilo la mwanawe, na yule wa kwanza akarudi hatua nyuma. Na wa pili. Walifungua njia tu, wakirudi kinyumenyume na mikono kifuani, kila mmoja akiomba asisimame mbele yake. Aliwaelewa vizuri mno.

Mwisho wa ile njia alikuwepo Mama Duka. Alikuwa amebeba tofali lake kutoka kwenye kamba, amelikanyaga karibu na mkia wa basi la mwisho, na alikuwa anatazama juu bado, kwenye madirisha, pale kichwa cha mtu mrefu kingefika. Alisikia kimya nyuma yake, akageuka akicheka.

"Umemwona wako! Haya, nimeshindwa dau, maana wangu—"

Akaona ukanda. Akaona kamba.

Hakurudi nyuma. Alishuka kwenye tofali, mguu mmoja, halafu wa pili, kilemba kimelegea, akamtazama mwenzake usoni kana kwamba wote wawili wamesahau walichofuata pale.

"Kitanda kimeingia, mwenzangu," alisema Mama Duka. "Tulitoa mlango. Kimeingia chote."

Kisha akanyoosha mikono apokee begi.